Kushtaki kwa Mungu: Dua ya Kuomba Haki katika Nchi ya Bariadi

Kiswahili kina methali mbili ambazo haziwezi kulala nyumba moja bila kugombana. Ya kwanza yasema: Dua la kuku halimpati mwewe. Ya pili yasema: Mungu si Athumani. Methali ya kwanza ni kauli ya mtu aliyekwisha kata tamaa, au ni kicheko cha mwenye nguvu: mnyonge na aombe apendavyo, kifaranga kimekwisha chukuliwa. Methali ya pili ni jibu la mnyonge huyo huyo. Mungu si mwanadamu hata apendelee jirani, ndugu au mwenye mali. Atokapo kuamua, huamua kwa haki. Wasemao Kiswahili wamezitunza methali zote mbili, wala hawakuona haja ya kuitupa moja. Yamkini sababu ni kwamba maisha yamezishuhudia zote mbili.

Baina ya methali hizo ndipo inapokaa dua ya kuomba haki, yaani maombi ya mtu aliyedhulumiwa ambaye anamwendea Mungu kwa kuwa anaamini kwamba Mungu huuchukia uovu. Makala haya yaeleza historia ya dua hiyo katika nchi moja ya bara, nchi ya Bariadi huko Usukuma, mahali ambapo swali la nani ni mwovu limegharimu maisha ya watu wengi. Hoja yake ni kwamba faida na hatari ya dua hiyo hutegemea jambo moja ambalo kwanza laonekana dogo, tena la kisarufi tu: kama nafasi ya mtenda uovu katika sentensi imeachwa wazi kwa Mungu, au imejazwa jina na mwanadamu.

Nchi na wakati

Ngulyati ni kata katika Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Mkoa wa Shinyanga, nao umepata jina lake kwa mto Simiyu, umwagao maji yake katika Ziwa Viktoria. Wenyeji wengi ni Wasukuma, watu wa ng'ombe, wa nafaka na wa pamba. Nyumbani husemwa Kisukuma. Shuleni na mahakamani hutumika Kiswahili. Katika sala hutumika lugha zote mbili, na kwa Mwislamu huongezwa Kiarabu. Kwa hiyo mtu wa huko aliyetendewa mabaya ana zaidi ya lugha moja ya kulalamikia.

Mtu aliyezaliwa Ngulyati mwaka 1950 alizaliwa katika Wilaya ya Maswa, Jimbo la Ziwa, katika nchi ambayo mashauri yake ya kwanza yalisikilizwa katika baraza za watemi. Sheria na desturi za baraza hizo zilikusanywa na Hans Cory, na kitabu chake juu ya sheria za Wasukuma kikatolewa mwaka 1953. Mtu huyo alipofika umri wa miaka 13, utemi uliondolewa kwa sheria ya Tanganyika huru. Alipokuwa na miaka 24, kaya zilizotawanyika zilikusanywa katika vijiji. Alipokuwa katika miaka yake ya thelathini, aliona vijana wa sungusungu wakipita na pinde na mishale. Alipokaribia miaka 60, Serikali ilimwita kupiga kura ya siri, siyo ya kumchagua mbunge, bali ya kuwataja wauaji. Taratibu za haki zilibadilika mara nyingi kuliko misimu mibaya ya mvua, lakini swali lilikuwa lile lile: aliyetendewa uovu, naye hana nguvu, amwendee nani?

Jina la Mungu na neno la chuki

Wasukuma wa zamani walimjua Mungu kwa majina kadhaa, miongoni mwake Liwelelo na Seba. Waliochunguza dini hiyo, kama R. E. S. Tanner, ambaye alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni katika Usukuma, waliona kwamba Mungu alihesabiwa kuwa asili ya vyote, lakini ibada za kila siku zilielekezwa zaidi kwa wahenga waliokufa. Ugonjwa na kifo vilitafutiwa sababu ya karibu. Pengine mhenga amesahauliwa. Pengine jirani ana husuda. Mwenye kuijua sababu hiyo alikuwa nfumu, ambaye Kiswahili humwita mganga, na moja ya njia zake mashuhuri ilikuwa ni kumpasua kuku na kuzisoma alama za ndani ya mwili wake. Mtu mwovu kupita wote katika mawazo hayo aliitwa nogi, yaani mchawi.

Juu ya msingi huo yalikuja maneno mengine. Uislamu ulifika pamoja na njia za misafara na miji ya biashara. Wamisionari Wakatoliki waliweka kituo Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883. Waprotestanti walijenga Nassa, katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Busega ya Mkoa huu wa Simiyu. Kituo hicho kiliachwa na wamisionari wa CMS na kupokewa na wale wa Africa Inland Mission mwaka 1909. Kwa njia hizo Zaburi zilifika Usukuma, na katika Zaburi kuna dua nyingi za watu walioonewa.

Zaburi za Kiswahili zilikuwa na historia yake kabla ya kufika huko. Edward Steere, mmoja wa wafasiri wake wa kwanza, aliwasili Unguja mwaka 1864, wakati watu wa bara walipokuwa wakiuzwa sokoni mjini. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo msingi wa kanisa ukawekwa mahali pale pale. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilikamilika mwaka 1891. Tafsiri ya pamoja, iliyokusudiwa kutumika katika nchi zote za Afrika ya Mashariki, ilitolewa mwaka 1952. Na Biblia ya Kisukuma ikafuata mwaka 1960. Basi maneno ya Kiswahili ya kuomba haki yalipangwa kwanza mahali ambapo dhuluma ilikuwa na bei, yenye kuhesabiwa kwa kichwa cha mtu.

Wafasiri walikuta kazi ngumu katika neno chuki. Kwa Mswahili chuki ni kasoro ya moyo. Mwenye chuki hasifiwi, na kumwambia mtu kwamba ana chuki ni kumlaumu. Basi yawezekanaje kusema hivyo juu ya Mungu? Ufumbuzi uliopatikana ni wa kuangaliwa. Kitenzi chukia kilipewa yambwa yake maalumu, yaani uovu, udhalimu, uongo, na damu isiyo na hatia. Na jina chukizo likatumiwa kwa tendo lenyewe linalochukiwa. Chuki ya mwanadamu huanza ndani yake, kisha hutafuta mtu wa kumwangukia. Chuki ya Mungu, kwa jinsi lugha ilivyoipanga, huanza kwa tendo. Waislamu walipita njia nyingine kufika mahali hapo hapo. Kiswahili cha tafsiri za Kurani, kama ile ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy ya mwaka 1969, aghalabu hufuata Kiarabu na kukanusha upendo: Mungu hawapendi wenye kudhulumu. Na hadithi mashuhuri ya Mtume yafundisha kwamba baina ya Mungu na dua ya aliyedhulumiwa hakuna pazia.

Maana ya fundisho hilo kwa mnyonge ni kubwa. Anayemwomba mkubwa wa dunia ampe haki huomba upendeleo, na upendeleo huwa na gharama: kuku, mbuzi, fedha, au undugu. Anayemwomba Mungu achukiaye uovu haombi upendeleo. Hamshawishi hakimu awe upande wake. Anamkumbusha hakimu tabia yake mwenyewe. Ndiyo sababu dua za namna hii, katika dini zote mbili, hazianzi kwa kuomba. Huanza kwa kutaja jinsi Mungu alivyo, kisha hueleza shauri, kisha huomba hukumu, na mwisho huliacha jambo mikononi mwake. Huo ndio mpango wa baraza lolote lenye heshima.

Kiapo, ramli na dua

Maneno ya Kiswahili yenyewe yashuhudia kwamba dua ya haki ilifahamika kama shauri la mahakamani. Shtaki ni neno lenye asili ya Kiarabu, na katika asili hiyo maana yake ni kulalamika, kutoa kilio cha maumivu. Katika Kiswahili kilio hicho kimekuwa shauri rasmi, lenye mshtaki, mshtakiwa na hakimu. Lakini maana ya kale haikupotea. Mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake asemapo, "Nakushtaki kwa Mungu," hatoi laana. Yuko hai mtu wa kumshtaki, liko tendo lililotendeka mbele ya macho, na hakimu ametajwa. Na asemapo, "Namwachia Mungu," watu wengi hudhani amenyamaza. Hakunyamaza. Amelipeleka shauri katika baraza ambalo halijafunga milango, naye ameondoka bila ya hukumu mkononi, akiamini kwamba itatoka.

Dua hiyo yafaa kutofautishwa na namna mbili nyingine za usemi zinazofanana nayo. Ya kwanza ni kiapo. Neno hili limetokana na kitenzi apa, nalo katika kamusi za kale lina maana mbili: maneno ya kuapa, na jaribio la kumpima mtuhumiwa kwa moto au kwa kitu cha kula. Katika nchi ya Wamijikenda kilijulikana kiapo cha shoka lililopashwa moto. Kiapo hutaka jibu leo, katika mwili wa mtu aliye mbele ya watu. Kama mkono umebabuka, shauri limekwisha. Anayeapisha kwa namna hiyo hamwachii Mungu. Humlazimisha Mungu kujibu kwa saa yake.

Ya pili ni ramli. Ramli haitaki hukumu, yataka jina. Mtu amefiwa na mtoto, au ng'ombe wake wamekufa, naye haulizi nini kilichowaua bali nani aliyewaua. Swali hilo tayari limekwisha amua kwamba yupo mtu. Kazi ya mpiga ramli ni kuijaza nafasi iliyobaki.

Dua ya haki, katika umbo lake kamili, haifanyi moja katika hayo. Ushahidi ulio wazi kupita wote umo katika kiambishi cha urejeshi. Katika pwani na sehemu nyingi za bara Waislamu wana desturi ya kusoma Ahlul Badri, ambayo wengi huiita Albadiri, yaani kuomba kwa kuwataja watu wa Badri, waliopigana pamoja na Mtume mwaka 624. Mara nyingi husomwa kwa ajili ya wizi au dhuluma ambayo mtendaji wake hajulikani. Husemwa: aliyeiba, aliyechukua, aliyedhulumu, yeyote awaye. Mwizi yumo katika sentensi, lakini yumo kwa tendo lake tu. Kiambishi -ye- chamshika bila ya kumtaja. Kama mwombaji mwenyewe amesema uongo, maneno yana njia ya kumrudia. Kwa hiyo wazee wenye busara huogopa kuisoma ovyo, na wengine huikataza kabisa wakiona ghadhabu imepita kiasi.

Zaburi nazo zina tabia hiyo hiyo. Katika Zaburi hizo zote 150, maadui wa mwombaji ni wengi, na maneno juu yao ni makali. Lakini ndani ya dua zenyewe adui wa mwombaji kwa kawaida huachwa bila ya jina lake. Majina kama ya Doegi na Kushi hupatikana katika vichwa vilivyotangulia dua, siyo katika maombi yenyewe. Adui huelezwa kwa matendo yake: amwagaye damu, asemaye uongo, amwoneaye yatima. Kwa sababu hiyo mtu wa karne nyingine na nchi nyingine aweza kuisali dua hiyo hiyo. Na kwa sababu hiyo pia aisaliye hana budi kujiuliza kama tendo lile limo ndani yake mwenyewe.

Mizani ya pamba

Si haki kusema kwamba kumwachia Mungu ni kukaa bure. Historia ya pamba katika Usukuma yaonyesha vingine. Wakati wa ukoloni mkulima alibeba pamba yake mpaka penye mnunuzi, naye mnunuzi ndiye aliyekuwa na mizani. Malalamiko kwamba wakulima walipunjwa katika kupima yalienea nchi nzima. Uovu huo ni katika yale yaliyotajwa waziwazi katika vitabu vitakatifu: kitabu cha Mithali chahesabu mizani ya hila kuwa chukizo kwa Mungu, na Kurani ina sura nzima, ya 83, yenye jina la wapunjao vipimo. Mkulima aliyelalamika juu ya mizani alikuwa na hakika kwamba alikuwa upande wa haki.

Lililotendeka baadaye ndilo lenye mafunzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima, kwa kuongozwa na watu kama Paul Bomani, waliweka wapimaji wao wenyewe ili pamba ipimwe mara ya pili mbele ya macho yao. Kutokana na juhudi hizo vilienea vyama vya ushirika, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wao, Victoria Federation of Co-operative Unions, uliokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya wakulima katika Afrika. Hapakuwa na haja ya mpiga ramli. Dhuluma ilikuwa na uzito, na uzito huo ukapimwa. Imani kwamba uovu wa mizani unachukiwa mbinguni haikuwazuia wakulima kutafuta ushahidi duniani. Na ushahidi ulipopatikana, haukumhitaji mtu yeyote kufa.

Macho mekundu

Mambo yalikwenda vingine palipokuwa na msiba usiokuwa na mizani. Mtoto anapokufa usiku kwa homa, hakuna cha kupimwa mara ya pili. Sheria ya uchawi ya serikali ya kikoloni, ambayo ilipata umbo lake la kudumu mwaka 1928, iliwaadhibu wenye kujidai kuwa na uwezo wa uchawi, lakini haikuwa na jibu kwa mfiwa aliyetaka kujua nani. Mfiwa alikwenda kwa mganga, kuku akapasuliwa, na nafasi ile iliyokuwa wazi ikajazwa jina.

Mara nyingi lilikuwa jina la mwanamke mzee. Watu walizoea kusema kwamba mchawi hutambulikana kwa macho mekundu, na wanawake waliopika kwa miaka hamsini juu ya moto wa kuni na wa mavi ya ng'ombe, katika nyumba isiyo na dirisha, walikuwa na macho mekundu. Alama ya kazi yao ya kuwalisha watoto na wajukuu iligeuzwa kuwa ushahidi dhidi yao. Mzee mwenyewe aghalabu alikuwa mjane, na pengine alikaa juu ya ardhi ambayo jamaa za mumewe waliitaka. Baada ya vijiji vya 1974 kuwakusanya pamoja watu waliozoea kuishi mbalimbali, jirani wa kushukiwa alikuwa karibu zaidi.

Tanner aliandika juu ya mauaji hayo katika kitabu kilichotolewa Uppsala mwaka 1970, na Simeon Mesaki aliyachunguza kwa upana zaidi baadaye. Hesabu za serikali alizozitumia Mesaki zaonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 waliuawa Tanzania Bara zaidi ya watu 3,600 kwa sababu ya kushukiwa uchawi. Walio wengi walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilikuwa katika Usukuma.

Jambo ambalo mwanahistoria hana ruhusa ya kulipita ni hili: wengi wa waliowaua wazee hao hawakujiona waovu. Walijiona watu waliodhulumiwa, wanaolipa damu ya mtoto wao. Walikuwa na hakika kwamba uovu ni chukizo. Katika hilo hawakukosea. Walikosea katika sentensi iliyofuata, walipodhani kwamba mwenye kujua kuwa uovu unachukiwa anajua pia ni nani aliye mwovu. Hapo mwenye haki ya dua ya mdhulumiwa alibadilika bila wao kujua. Hakuwa tena mfiwa aliyeshika panga. Alikuwa bibi mzee aliyelala ndani ya nyumba, akisikia mlango ukisukumwa.

Serikali nayo haikuokoka na kosa hilo. Mwaka 1976 ulifanyika msako mkubwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, Bariadi ikiwa katika Shinyanga wakati huo, ili kuwakamata waliohusika na mauaji. Watu wengi walikamatwa kwa kushukiwa, wakateswa, na baadhi wakafa mikononi mwa dola. Mwezi Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi, walijiuzulu kwa sababu ya vifo hivyo. Mwinyi hakumtesa mtu kwa mkono wake, lakini alikubali kwamba tendo lilikuwa na mwenyewe na kwamba dhamana ilikuwa yake. Waliotaka kukomesha utajaji wa wachawi kwa ramli walikuwa wamewataja wauaji kwa mateso. Chombo kilikuwa kingine, lakini haraka ya kupata jina ilikuwa ile ile.

Kutoka sungusungu hata kura ya siri

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika mipaka ya Kahama na Nzega, wanavijiji walianza kujikusanya dhidi ya wezi wa ng'ombe na majambazi wenye silaha, ambao walizidi baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979. Vikundi hivyo vilijulikana kwa jina la sungusungu, na pengine Basalama. Vilienea upesi katika Usukuma wote. Mwalimu Nyerere na chama tawala waliviunga mkono, na mwaka 1989 sheria ikavipa nafasi. Mwizi wa ng'ombe alifuatwa kwa nyayo, na nyayo ni ushahidi. Lakini vikundi hivyo hivyo katika siku zake za mwanzo viliwashughulikia pia waliodhaniwa wachawi, na huko hapakuwa na nyayo za kufuata.

Miaka ishirini na zaidi ikapita, ndipo lilipotokea jambo la kutisha zaidi. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 watu wenye ualbino waliwindwa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Mwezi Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Mwezi Machi mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliwataka wananchi waandike katika karatasi, kwa siri, majina ya waliowashuku. Mwezi Septemba Mahakama Kuu katika kikao chake cha Kahama ilitoa hukumu ya kwanza dhidi ya wauaji wa mtoto mwenye ualbino.

Kati ya mambo hayo matatu, kura na hukumu yafaa kutazamwa pamoja. Kura ya siri ilitokana na kiu ya haki, na hapana shaka wako walioandika walichokiona kwa macho. Lakini karatasi haina njia ya kumwuliza mwandishi wake amejuaje. Aliyeshuhudia na aliye na kinyongo cha mpaka wa shamba waliandika kwa kalamu ile ile. Mahakama, kwa upande wake, ilisikiliza mashahidi, ikawapa washtakiwa nafasi ya kujibu, kisha ikataja majina. Kura ilitangulia kwa jina, halafu ikatafuta tendo. Mahakama ilitangulia kwa tendo. Katika nchi ambayo imeona macho mekundu yakihesabiwa kuwa ushahidi, tofauti hiyo ndiyo tofauti ya maisha na kifo.

Hitimisho

Kutokana na historia hii yaonekana kwamba dua ya kuomba haki si kitu cha kudharauliwa na wenye elimu, kana kwamba ni faraja ya watu wasiojua kwenda mahakamani; wala si kitu cha kutumiwa ovyo na wacha Mungu. Ndani yake mna fundisho la sheria lililo la kale kuliko mahakama za wilaya. Yasema kwamba uovu ni uovu hata kama mkubwa ameufanya. Kwamba mnyonge ana shauri la kusikilizwa hata kama hana cha kutoa. Na kwamba ukali wote wa maneno ya aliyeumizwa waruhusiwa kusemwa mbele ya hakimu mwenye haki. Lakini yasema pia kwamba hukumu si ya mwombaji. Tendo alijualo na alitaje, na mtendaji aliyemwona na amshtaki. Pale asipomjua, kiambishi na kibaki wazi.

Hakika juu ya Mungu na hakika juu ya jirani ni hakika mbili mbalimbali. Ya kwanza imewapa nguvu wakulima, wajane na watumwa wasiokuwa na mtetezi. Ya pili, ilipovaa nguo za ile ya kwanza, iliua. Aliyefiwa huko Ngulyati, au katika kata yoyote ya Bariadi, asemapo, "Aliyetenda haya, Mungu anamwona," amesema neno zima lisilopungukiwa kitu. Akiongeza jina alilopewa na mganga, hakuitia dua yake nguvu. Ameivunja, kwa kuwa amemwondoa hakimu aliyemwita na kukaa yeye mwenyewe katika kiti chake.

Dua la kuku halimpati mwewe, wasema watu, na mara nyingi wamesema kweli. Lakini katika Usukuma kuku alipewa kazi nyingine, mbaya kuliko kuomba bila ya kujibiwa: alipasuliwa ili awe shahidi dhidi ya mwanamke aliyemfuga jirani yake. Afadhali dua yake ingalisikilizwa. Na bibi yule, aliyeitwa mchawi kwa ajili ya moshi wa jiko lake, alikuwa na maneno mafupi tu ya kujitetea, ambayo hayakuandikwa katika kumbukumbu za baraza lolote: Mungu si Athumani.